Nyaya Mbili za Baba

Programu yangu inagawiwa bure mpaka leo, na kila ninapopata barua ya mtu wa mbali anayesema ameiweka kwenye kompyuta yake na inafanya kazi, kichwa kinanivimba. Sioni haya kulisema. Niliiandika Morogoro, kwenye kompyuta iliyokwisha kuchoshwa na wenyewe Ulaya kabla ya kuletwa kuuzwa kwetu, wakati watu wengi mjini walikuwa wakitumia kompyuta kuchapa barua za kuomba kazi na kucheza karata.

Ni programu ya redio. Redio ya kawaida ina vipuri vingi ndani yake, na kila kipuri kina kazi yake. Redio yangu ni kibao kisichozidi kiganja, chenye vipuri vichache, kinachopokea mawimbi ya hewani na kuyapeleka kwenye kompyuta kupitia tundu la kuingizia sauti. Kazi iliyobaki, kuchagua stesheni, kuchuja makelele, kutoa sauti, inafanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta. Hesabu hizo ndizo nilizoziandika. Wanaozitumia ni watu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza hewani kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kupenda tu, bila mshahara.

Mafundi wa redio pale sokoni walinicheka sana. "Dada, umetengeneza redio inayotaka kompyuta?" mmoja aliniuliza, mbele ya wateja. "Mbona hizi za kwangu zinataka betri mbili tu?" Nilimjibu vibaya, na sijutii. Lakini hakujua, na sikumwambia, kwamba sikuiandika kwa ajili ya kusikiliza. Niliiandika kwa ajili ya mtu asiyesikia.

Baba alikuwa mtu wa simu za reli. Aliletwa na kazi kutoka Tabora akiwa kijana, akakaa kwenye vituo vidogo vidogo vya njia ile, akipiga na kupokea simu za Morse, nukta na vistari, mpaka akaoa kwetu Uluguru na kupata uhamisho wa Morogoro mjini. Baada ya kazi alikuwa akirudi nyumbani na kuanza kusikiliza Morse nyingine, ya kwenye masafa mafupi, ya watu wa ridhaa wa nchi asizowahi kuziona. Hakuwa na chombo cha kuwajibu. Alikaa na redio yake mapajani na penseli sikioni, akitabasamu peke yake. Mama alikuwa akisema ameolewa na mtu mwenye wake wengi, na wote wako hewani.

Enzi ya ruksa ilipokuja, biashara ikaachwa huru, mashirika ya umma yakauzwa na watu wakapunguzwa, naye akapunguzwa. Hilo alilipokea vizuri kuliko tulivyotegemea. Alipanda mchicha, akafuga kuku, akaniambia kwamba sasa ana siku nzima ya kusikiliza. Kilichomvunja kilikuja baadaye. Redio yake ilianza kufifia. Aliipeleka kwa fundi, ikarudi vilevile. Akaipeleka kwa fundi wa pili, ikarudi vilevile. Fundi wa tatu aliifungua, akaifunga, akamwandikia kwenye kipande cha gazeti ili asikosee kuelewa: "Mzee, redio ni nzima."

Masikio ndiyo yaliyokuwa yakiondoka. Mlango ukigongwa kwa nguvu alisikia, na mtu akimsogelea na kunyanyua sauti alisikia, lakini mlio mwembamba wa Morse ulikuwa umeshampotea kabisa. Kwa muda aliendelea kuiwasha redio na kuishika kwa mikono miwili, kuhisi inavyotetemeka. Halafu akaacha. Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, na nilichukia yale maua kana kwamba yalikuwa na akili.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara kule kampasi ya Mazimbu. Huko ndiko nilikosoma, kwenye karatasi nilizochapa kurasa mojamoja kutoka kwenye mtandao, kwamba kuna watu wanaotengeneza redio za hesabu, na kwamba programu zao huchora mawimbi kwenye skrini. Kila stesheni inaonekana kama mstari unaoshuka taratibu kutoka juu. Kama ni stesheni ya Morse, mstari unakatikakatika: kipande kifupi ni nukta, kirefu ni kistari. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Nikajiambia, baba yangu ana macho.

Jioni ile nilimwambia. Alinisikiliza, au alisoma midomo yangu, halafu akatikisa kichwa. "Redio haitazamwi, mama," alisema. Aliniita mama tangu nilipokuwa mdogo.

Nikaiandika hivyohivyo. Ilinichukua zaidi ya mwaka, jioni na siku za mapumziko, nikibeba diski kati ya Mazimbu na nyumbani kwenye kopo la maziwa ya unga ili zisiingie vumbi. Nilipokwama niliwaandikia watu wa mtandaoni, nao wakanijibu bila kuuliza mimi ni nani. Ndiyo maana niliamua mapema kwamba nitakachomaliza kitakuwa cha bure. Mjini kila mtu alikuwa akiuza kitu wakati ule. Waliokuwa walimu waliuza vitumbua, waliokuwa makarani waliuza mitumba. Niliposema bure, waliniangalia kwa huruma.

Baba alikataa kuamini, lakini mikono yake haikuweza kukaa bure mbele ya waya. Kwanza alinikosoa nilivyokuwa nikilehemu. Halafu akaninyang'anya chuma cha kulehemia. Nikamwachia atengeneze waya wa kutoka kwenye kibao kwenda kwenye kompyuta, kwa sababu nilitaka awe na sehemu yake katika kazi ile, na kwa kweli mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alikaa barazani mchana kutwa akiufanya. Alipomaliza ulikuwa waya wa kupendeza, umeviringwa uzi uleule wa nta waliokuwa wakitumia relini, na kichwa cha pini ya kuchomeka kimefungwa hakionyeshi mshono.

"Huu utafika mbali," alisema.

"Utafika," nilisema, na nikausifu kwa sauti kubwa ili asikie. Sikuufungua kuutazama. Nani anakagua kazi ya baba yake?

Mjini haikufaa. Nyuma yetu palikuwa na mashine ya kusaga, mbele palikuwa na kijana wa kuchomelea mageti, na kila duka lilikuwa na jenereta lake. Nilipoiwasha programu, skrini yote ikawa nyeupe kama iliyomwagiwa unga. Hapakuonekana stesheni hata moja. Palihitajika mahali pasipo na umeme wa mtu, na mahali hapo kwetu panajulikana. Ni mlimani.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Baba pamoja na miaka yake yote ya ndoa alikuwa mgeni kule juu, na mimi nilikuwa mwenyeji. Lakini hata mwenyeji hasimamishi nguzo bila kuomba. Nikapanda kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi yetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepanda na jua lote hili, una shida." Alinipa kigoda na maji, akaendelea kupukuchua maharage yake. Nilimweleza. Nataka miti miwili pale ukingoni mwa shamba, na waya wa antena katikati.

"Utauza nini hapo?" aliuliza.

"Siuzi, mjomba. Ninayoitengeneza nitawapa watu bure."

"Watu gani?"

"Yeyote. Aichukue, aitumie, akiona pabovu aparekebishe, ampe na mwenzake. Asichoruhusiwa ni kuizungushia uzio akasema ni yake peke yake."

Alipukuchua maganda mengine matatu au manne. "Sasa hilo unalielezea kwa nini kwa maneno mengi?" alisema. "Si ni kama shamba hili tulilokalia? Panda nguzo zako." Masharti ya programu za bure niliyokuwa nimeyasoma yalijaza kurasa nyingi kwa lugha ngumu. Mjomba aliyamaliza akiwa na maharage mkononi, nami nikajivuna kwamba natoka kwao.

Tulipanda asubuhi ya Jumamosi, watu watatu. Mjomba alishuka kuja kutusaidia, akajitwika kichwani ile skrini nzito ya zamani yenye mgongo mkubwa, imefungwa kanga ya mama. Mimi nilibeba kompyuta na inveta ya kugeuza umeme wa betri. Baba alibeba kibao na waya wake, na hakukubali kupokewa. Betri la lori tulikuwa tumelitanguliza na punda wa jirani. Akina mama waliokuwa wakishuka na ndizi na kabichi kwenda sokoni walisimama kando ya njia kutupisha.

"Mnampelekea nani televisheni huko juu?" mmoja aliuliza.

"Shemeji yangu huyu," alisema mjomba. "Alioa kwetu, akaona milima haimtoshi."

Baba hakusikia, lakini aliona watu wanacheka, naye akacheka.

Betri lilikuwa na nguvu ya kama saa moja tu, kwa hiyo tulisubiri mpaka saa kumi alasiri, wakati stesheni za mbali zinapofunguka. Nikawasha. Skrini ilikuwa nyeusi, safi, na ndani yake ilianza kushuka mistari myembamba. Ilikuwa mingi, imejipanga skrini nzima. Nilichagua mmoja uliokuwa ukikatikakatika, nikaukuza. Mjomba alisogea, akasema mvua inanyesha humo.

Baba alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Nilitaka kumwonyesha, huu mfupi, huu mrefu, lakini aliinua kidole kuninyamazisha, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto na simu inaingia. Midomo yake ilianza kucheza. Halafu akanyoosha mkono bila kunitazama, akitaka penseli.

"Anaita," alisema. "Anaita yeyote anayemsikia."

Alilia, na mimi nililia, na mjomba akaenda kuangalia nguzo ambazo hazikuwa na tatizo. Sijawahi kupata furaha kama ile na sitarajii kuipata tena. Mashine ile ilikuwa imetoka kichwani mwangu, na baba yangu alikuwa amerudi kazini.

Tulikubaliana vitu vyote vibaki kwa mjomba. Kila Jumamosi nilipanda na baba, tukibeba betri lililochajiwa, naye alikuwa na daftari la kuandikia kila aliyemwona. Aliwajua kwa mikono yao. Kila mpigaji wa Morse ana namna yake ya kupiga, na baba alisema mkono wa mtu unatambulika kuliko sura. Skrini yetu haikutosha kuonyesha masafa yote, kwa hiyo nilikuwa nimeyagawa nusu mbili: nusu ya kushoto, ukibonyeza kitufe, nusu ya kulia.

Jumamosi ya nne au ya tano aliniita. "Mama, njoo. Huyu bwana nimemwacha kushoto, anazungumza na mwenzake. Nikaja kulia nimemkuta yupo tena. Mazungumzo yaleyale."

Niliangalia. Mimi Morse nilikuwa nikiidonoa herufi mojamoja kama kuku, na kwa macho yangu vile vilikuwa vistari tu. "Baba, hao ni watu wawili," nilisema.

"Ni mtu mmoja. Kistari chake cha mwisho anakivuta. Tazama. Na huku anakivuta."

"Wapigaji wengi wanafanana."

"Hawafanani."

Hapo nilikasirika. Nilikuwa nimeipima hesabu ile mara ngapi mimi, nimeipitia mstari kwa mstari, nimeishi nayo mwaka mzima na zaidi! Nikamwambia, kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake na kwa sababu nyingine pia, kwamba hesabu haziwezi kumwonyesha mtu mmoja mahali pawili. Hesabu ni sahihi. Alinitazama usoni muda mrefu, akafunga daftari.

Jumamosi iliyofuata alisema amechoka, mlima ni mrefu. Jumamosi nyingine alisema ana mchicha wa kumwagilia. Wiki ya tatu mama ndiye aliyenieleza. "Baba yako anasema sasa na macho yameanza," aliniambia jikoni. "Anasema anaona kimoja kama viwili. Anasema masikio aliyavumilia, lakini macho hana la kufanya, basi aachie hapo." Nilipotoka nilimkuta barazani anafunika daftari lake kwa gazeti. Nilijua nimefanya kitu kibaya, lakini sikujua ni kipi.

Nilikijua kule Mazimbu. Nilikuwa nimetengeneza kibao cha pili na waya wa pili ili kuipima programu kabla ya kuitangaza mtandaoni, na maabara ilikuwa na skrini kubwa, inayoweza kuonyesha nusu zote mbili kwa pamoja. Alasiri moja mashine zilipozimwa niliiwasha. Niliona stesheni chache. Nikafikiri antena ni mbovu. Nikatoa picha ya masafa yote niliyoihifadhi kwenye diski siku ya kwanza kule mlimani, nikaifungua kwenye skrini ileile kubwa. Kila mstari uliokuwa kulia mwa katikati ulikuwa na mwenzake kushoto, umbali uleule. Nusu ya watu wale hawakuwapo. Baba alikuwa ameona sawasawa.

Kosa lile lina sababu moja rahisi. Kibao kinatoa mawimbi kwa nyaya mbili zinazopita ndani ya ule waya mmoja, na wimbi la waya mmoja linatangulia kidogo la mwenzake. Programu inalinganisha hizo mbili ili ijue stesheni iko upande gani. Ni kama masikio: ukiitwa, unajua umeitwa kutoka wapi kwa sababu unayo mawili. Nyaya mbili zikigusana, programu inabaki na sikio moja, haijui upande, na inachora stesheni pande zote mbili. Kibao cha Mazimbu kilikuwa sawa na kile cha mlimani. Programu ilikuwa ileile. Kilichokuwa tofauti ni waya.

Kesho yake nilipanda peke yangu. Niliufungua ule uzi wa nta, nikafungua kichwa cha pini, na nikaona. Nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja, mizunguko saba iliyolingana, zimelehemiwa kwa usafi wa kutisha. Hakuwa amepitiwa. Alikuwa amefanya walivyofundishwa relini: njia ikiwa dhaifu, unasokota waya wa pili juu ya wa kwanza, simu inapata nguvu ya kufika. Nilikuwa nimemwambia wimbi linalotoka kwenye kibao ni dogo sana. Akalisaidia.

Nilipandwa na hasira. Kwa nini hakuuliza? Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeuchukua bila kuutazama, na mimi ndiye niliyemfokea mtu aliyekuwa akisema kweli mpaka akayashuku macho yake mwenyewe. Hasira ikakosa pa kwenda. Nikachukua kisu, nikakata ile kazi nzuri, nikazitenganisha na kuzilehemu upya, kila moja mahali pake.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Ni ya shemeji hiyo unayoikata," alisema.

"Alikosea, mjomba. Usimwambie. Nitasema kosa lilikuwa kwenye programu."

"Mimi sina la kumwambia," alisema. "Lakini hapa kwetu jirani akikosea mpaka, hatumhamishii alama akiwa hayupo. Tunamwita, tunaihamisha pamoja naye." Lakini nilijua baba akiambiwa kwamba mkono wake pia umeharibika, hatapanda tena.

Nyumbani nilikaa mbele yake, nikasema polepole. "Baba, ulikuwa sahihi. Ni mtu mmoja. Kosa lilikuwa la programu, nimeshalirekebisha."

"Macho yangu?"

"Mazima."

"Mazima kabisa?"

"Kuliko yangu."

Akamwita mama amletee viatu, ingawa ilikuwa Jumatano.

Malipo ya uongo wangu yalianza palepale. Baba alimhadithia kila mtu. Aliwahadithia wazee wenzake wa kahawa, na akina mama wa njiani wenye kabichi, kwamba binti yake kasomea mitambo, kaandika hesabu mwaka mzima, hesabu ikawa na kosa, na aliyeliona ni yeye mzee kiziwi. Wakanitania. Hata yule fundi wa sokoni akaniuliza kama hesabu zimekaa sawa. Mtu mwenye moyo mpole angefurahi. Mimi nilikaa kimya nikitafuna ulimi, kwa sababu hesabu zangu hazikuwa na kosa, hata moja, na sikuweza kusema.

Niliitangaza programu mtandaoni, kutoka kwenye duka la intaneti karibu na Msamvu, ikichukua muda mrefu kupanda hivi kwamba niliagiza chai mara mbili. Watu wakaichukua. Baada ya wiki chache mtu mmoja wa nchi ya mbali aliniandikia kwamba programu ni nzuri, ila stesheni zinaonekana mbilimbili. Alinitumia picha. Niliitambua kama ninavyotambua mwandiko wangu. Naye alikuwa ameunganisha nyaya, kwa sababu zake. Basi nikaongeza kwenye programu kipande kinachokagua: mawimbi ya nyaya zote mbili yakifanana kabisa, maandishi yanatokea kwenye skrini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Niliandika hivi: "Nyaya mbili zimegusana. Fungua pini uzitenganishe." Nikasita. Halafu, kwa sababu ya wazee wa kahawa na fundi wa sokoni na miezi yote ile ya kutafuna ulimi, nikaongeza: "Kosa si la programu."

Jumamosi nikaipima mlimani. Nilifungua pini, nikazigusanisha nyaya kwa makusudi, maandishi yakatokea, nikafurahi. Mjomba akaniita nje nimsaidie kushikilia kamba ya nguzo. Niliporudi, baba alikuwa kwenye kigoda.

Alikuwa anasoma. Alisoma kwa sauti, kama wasikiao kwa shida wanavyosoma, kila neno peke yake. "Nyaya. Mbili. Zimegusana." Akafika mwisho. "Kosa. Si la. Programu." Akageuka. "Lakini wewe uliniambia kosa ni la programu."

Alinyoosha mkono, akauchukua waya, akaitazama pini iliyokuwa wazi. Aligeuza huku na huku lehemu zangu zilizojaa mabonge.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Hii imelehemiwa na mtu mwenye hasira."

"Ndiyo, baba."

"Ulizikuta zimesokotwa."

"Ndiyo."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni tena, na mara hii hakwenda kuangalia nguzo. Baba alikaa na ule waya mapajani. Niliogopa. Nilikuwa nimelikimbia jambo hili kwa miezi, na nimejipeleka mwenyewe kwa sababu ya majivuno ya sentensi moja. Nikamwambia anisamehe, nikamwambia kazi yake ilikuwa nzuri, sikuwa nimeona lehemu safi kama ile, hata kuikata niliumia.

"Ilikuwa mizunguko saba," alisema.

"Saba. Nilihesabu."

"Relini ilitakiwa mitano. Niliongeza miwili kwa sababu ni kitu chako." Akachukua kisu changu, akaanza kuzitenganisha zile nyaya mwenyewe, taratibu, akasafisha mabonge yangu, akaomba chuma. Tulikipasha kwenye jiko la mkaa la mjomba, kwa sababu betri lilikuwa la kompyuta. Alipomaliza zilikuwa mbili, zimelala sambamba, safi. Akachomeka, na maandishi yakafutika, na mistari ikaanza kushuka, kila mtu mahali pamoja tu.

"Yale maneno ya mwisho uyatoe," aliniambia, huku ameshaanza kutafuta penseli. "Ni ya ugomvi. Aliyeunganisha hakuwa mjinga. Uandike alichokuwa anakitaka."

Nikayatoa. Niliandika mengine palepale, naye akitazama juu ya bega langu, akinikosoa herufi. Tangu siku hiyo programu imebadilishwa na watu wengi, wameongeza vitu nisivyovielewa na kuondoa vingi nilivyovipenda, na hiyo ni haki yao. Ujumbe ule hawajaugusa. Wameutafsiri kwa lugha zao, mmoja baada ya mwingine, na mtu popote duniani akiunganisha nyaya zake mbili ndio anaousoma, asijue umetoka kwa nani: "Nyaya mbili zimegusana. Aliyeziunganisha alitaka zifike mbali. Zitenganishe, zitafika."